Magunia Juu ya Firigo

Firigo ilifika Nchelenge ikiwa imesimama. Goodson, mume wangu, aliifunga kwa kamba kwenye nguzo ya boti ya samaki aliyokuwa akiiendesha, akashuka nayo Luapula kutoka Kasenga polepole kama aliyebeba mgonjwa. Dukani walikuwa wamemwonya kwamba ikilazwa, maji yaliyo ndani ya mabomba yake hukimbilia pasipo pake, na baridi haiji tena. Wenzake walipoipandisha kutoka ufukweni, nyeupe vile, watu waliacha kupasua samaki wakasimama kutazama.

“Katongo, balikuletea kabati ya hospitali?” jirani yangu Chilufya akauliza.

“Ni sanduku ya baridi. Ya maziwa ya mutoto.”

“Kumbe mutoto wako ni samaki!”

Wakacheka. Na mimi nikacheka, huku nikimbana Chabu mgongoni. Kaka yake, Ngosa, tulimzika mwaka uliotangulia. Homa ilinikausha maziwa, tukamnywesha ya mkebe, na katika joto la Oktoba mkebe ukifunguliwa asubuhi, jioni maziwa yamegeuka. Tumbo lake likafunguka, halikufunga tena. Sasa nilikuwa na Chabu, na kifua changu kilikuwa kimekauka kama mara ile.

Goodson aliiweka firigo katika chumba cha mbele, karibu na dirisha. Aliinua pembe moja kwa kigae, akaweka sahani ya maji juu yake, akainama kutazama kama maji yamelala sawa. Akaacha nafasi nyuma, mtu aweze kupita bila kugusa ukuta. Hakuiwasha siku ile. “Ipumzike,” alisema, “nayo imesafiri.” Kesho yake alijaza mafuta ya taa katika tangi dogo la chini, akakata utambi kwa mkasi, akawasha, akanionyesha kioo kidogo cha kuchungulia moto.

“Unauona? Bluu. Ukiwa wa njano na unatoa masizi, uzime, usafishe. Nyuma pasifunikwe, joto lipate kutoka. Na dirisha lisifungwe, mchana wala usiku. Huu moto unakula hewa ileile munayovuta.”

Maneno hayohayo yalikuwamo katika karatasi iliyokuja nayo. Nilikuwa nimeyasoma kwa Kiingereza changu cha shule ya jioni, kidole chini ya kila neno, nikafurahi kwamba nimeyaelewa.

“Umwambie na mama,” Goodson akasema.

Mama yangu, Nsama, alikuwa amekuja kutoka Mofwe kunisaidia kulea. Goodson hakuweza kumwambia mwenyewe. Kwetu, mwanaume hakutani na mama wa mke wake uso kwa uso, hazungumzi naye, hamgusi, mpaka siku ukoo wa mke utakapompikia na kumwingiza nyumbani. Siku hiyo ilikuwa haijafika. Kwa hiyo Goodson akiwa nyumbani mama alihamia kwa Chilufya, na akiwa ziwani mama alilala katika chumba cha mbele. Walijuana kwa sauti na kwa sahani zilizorudi tupu. Mara nyingi nilimwona mama amejificha nyuma ya ukuta wa jiko la Chilufya, akisikiliza mkwe wake akicheka, na yeye akitabasamu.

Jioni ile Goodson alipoondoka, mama akaingia kuikagua firigo. Akachungulia moto. Akafungua mlango wa juu, akatia mkono.

“Moto chini, barafu juu,” akasema. “Huyu muzungu alikuwa amelewa.”

“Mayo, Goodson anasema dirisha lisifungwe. Na isifunikwe.”

“Isifunikwe?” Mayo ndivyo tunavyomwita mama, na mama huyu akaniangalia kama mtoto aliyetukana. “Weye umezaliwa wapi? Mi nilipanga samaki ku barafu ya Bagiriki kule Kasenga, baba yako hajaniona bado. Barafu inafunikwa! Unga wa mbao, magunia, turubai juu. Ukiacha wazi, mpaka Elisabethville unafikisha maji na harufu.”

“Ile ilikuwa barafu imeletwa. Hii inajitengenezea baridi yake. Inatupa joto huku nyuma, weka mukono, sikia.”

Akaweka mkono nyuma. Palikuwa na joto zuri.

“Basi ndiyo hapo baridi inaharibika,” akasema.

Nilimsomea karatasi. Akaisikiliza kwa heshima yote, mikono mapajani, kama anavyosikiliza kanisani. Nilipomaliza akasema nimesoma vizuri sana. Asubuhi nilikuta magunia mawili yametandazwa juu ya firigo, yakining'inia mpaka nyuma, na moto ndani ya kioo umekuwa wa njano. Niliyaondoa, nikazima, nikasafisha masizi. Lakini maziwa ya Chabu yalikuwa baridi, na hilo kwa mama lilikuwa ushahidi wa magunia.

Tuliendelea hivyo. Mimi nikitoa, yeye akirudisha. Hakuwa mkaidi wa kunikomoa. Alikuwa na lake ndani ya firigo: samaki mpumbu mnene, kutoka Mofwe, aliyemfunga kwa jani la mgomba na kumweka chini ya barafu.

“Ni wa nani huyu, mayo?”

“Wa mukwe wangu. Dada yangu analeta kuku na karanga Jumamosi. Tunamuingiza. Nimechoka kujificha kwa Chilufya kama mwizi, na yule mwanamke anakoroma!” Akacheka mpaka machozi. Kisha akasema taratibu, “Mutu anayelala juu ya maji kwa ajili ya mukebe wa maziwa. Nataka nimuone sura.”

Ilikuwa Juni, upepo wa ziwa ulikuwa unaingia mpaka kwenye mifupa, na Chabu alianza kukohoa. Siku ya Alhamisi, kulipokuwa kunapambazuka, nilimtoa chumbani kwetu nikampa mama, niende ufukweni kuipokea boti. Dirisha lilikuwa wazi. Magunia yalikuwa sakafuni. Mama akanyoosha mikono kutoka kwenye mkeka.

“Lete babu yangu mudogo. Kichwa kinaniuma leo, huyu ndiye dawa.”

“Dirisha, mayo.”

“Dirisha, dirisha. Enda, bwana yako anafika.”

Boti haikufika tulikozoea. Upepo ulimlazimisha Goodson aingie kwenye gati ya Mugiriki mnunuzi wa samaki, akapanda kwa njia ya nyuma, mimi nikiwa bado nimesimama mchangani na wanawake wengine wote, Chilufya akiwa mmoja wao, macho yetu majini.

Yaliyotokea nyumbani Goodson amenisimulia mara moja tu. Alisimama mbali na mlango, akapiga hodi kwa sauti, kama ilivyo desturi, ili mama apate kutoka upande wa jikoni. Kimya. Akapiga tena. Akasikia Chabu akilia kilio chembamba, kama paka. Akaona dirisha limefungwa na gunia limeshindiliwa kwenye upenyo wake. Akasukuma mlango.

Mama alikuwa amehamisha mkeka nyuma ya firigo, kwenye joto, mtoto akohoe kidogo. Magunia yalikuwa juu, yamefika sakafuni kama pazia, na moto ulikuwa wa njano mtupu. Chabu alikuwa ametambaa akatoka chini ya pazia lile, uso karibu na upenyo wa mlango. Goodson alimchukua, akamlaza nje kwenye jani la mgomba. Alirudi, akazima moto, akavunja dirisha kwa kigoda. Kisha akasimama mbele ya mama yangu.

Kitenge chake kilikuwa kimefunguka. Goodson aligeuza uso. Akaita jina langu. Akaita Chilufya. Akaita mtu yeyote, na kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Basi akashika ncha ya mkeka, macho ukutani, akavuta. Mkeka ulisogea vizuri mpaka kizingitini, hapo ukapasuka.

Ndivyo nilivyowakuta, nilipokimbia kwa kusikia sauti yake. Miguu ya mama nje, kichwa ndani. Goodson amesimama kando na kipande cha mkeka mkononi, akilia, akiniambia, “Mutoe, Katongo. Mi siwezi. Mutoe.”

Nilimtoa. Nilimpepea, nilimwagia maji usoni, nilimwita kwa majina yake yote. Midomo yake ilikuwa na rangi nzuri, nyekundu, kama ya mtu aliyepona. Chabu alitapika, akalia kwa nguvu, akapona. Mama hakupumua.

Jumamosi tulikuwa Mofwe. Dada yake mama alikuja na wale kuku, akawapikia waombolezaji. Goodson alikaa nje ya ua, mbali, mahali pa mkwe asiyeingizwa. Jioni mama mdogo akamwendea, akamshika mkono.

“Ingia,” akamwambia. “Ndani hamuna tena wa kujificha.”

Aliingia. Alimtazama mama uso kwa mara ya kwanza kabla hatujaufunika. Sijui aliona nini.

Tuliporudi Nchelenge alitaka kuipeleka firigo kwenye boti na kuisukuma majini kwenye kina. Alikuwa tayari ameleta kamba. Chabu alikuwa analia njaa.

“Atakunywa nini?” nikamuuliza.

Akakaa kizingitini, kamba magotini. Nilifungua firigo. Barafu ilikuwa imeyeyuka, mpumbu ameharibika ndani ya jani lake, nami nikaenda kumfukia nyuma ya jiko. Niliosha kila rafu kwa maji ya moto na sabuni. Nikakata utambi. Goodson akainuka, akafungua kile kilichobaki cha dirisha, fremu na vyote, akakitupa uani. Upepo wa ziwa ukaingia wote.

Magunia niliyachoma. Kisha nilimfunika Chabu kwa kitenge cha mama, nikafungua mkebe mpya, nikawasha utambi, nikapiga magoti mbele ya kile kioo kidogo na kusubiri moto uwe wa bluu.