Wimbo Ulioimbwa na Mwingine

Nafuna aliiamini simu yake mpya, na hapo ndipo alipojimaliza. Yule muuzaji wa Thika alimsifia: "Hii, madam, inajipangia nyimbo yenyewe." Nafuna akafurahi, akahamishia humo wimbo mmoja tu wa maana. Alikuwa amemrekodi dada yake, marehemu Emmaculate, akiimba kanisani Mwiki, kikohozi kikimshika katikati ya ubeti wa pili huku mtoto wa mtu akilia nyuma.

Leo walikuwa kwenye maombi ya kumkumbuka marehemu, nyumbani kwa Sifuna, mume wa marehemu, huko Ruiru. Nafuna aliunganisha simu na spika, akabonyeza.

Piano ikaanza. Piano! Kanisa lao lina ngoma na kayamba, basi. Kisha akaimba mwanamke asiyemjua, sauti laini kama mafuta, bila kikohozi, bila mtoto. Simu mjuaji hii! Ilikuwa imefuta rekodi ya Emmaculate kwa kuiona mbovu, ikaweka wimbo uleule ulioimbwa studio na mwingine, na wala haikumuuliza mwenyewe.

Nafuna akanyoosha mkono aizime. Sifuna akamzuia, machozi yakimtiririka.

"Wacha iimbe, shemeji," alisema. "Sauti ya mke wangu hiyo. Hata nikiwa usingizini siwezi kuikosea."

Nafuna akarudisha mkono wake pole pole. Simu angeirudisha Thika kesho asubuhi. Huyu mwanamume wa dadake, je, angemrudisha wapi?