Meli Zilizokuja Bondeni

Jumapili baada ya ibada, Générose aliondoa sahani za mchana mezani, akafuta kitambaa cha plastiki, na mwanawe Brice akaiweka kompyuta pale palipokuwa na bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo. Familia ilikuwa inachagua safari ya meli ya kitalii, ya kwanza maishani mwao. Mwezi wa tisa Brice angehamia Halifax, mji wa mbali, kusoma chuo kikuu, na Générose alikuwa ameapa kwamba kabla ya hapo watakaa pamoja wote mahali ambapo hakuna zamu ya kuwahi wala basi la kukimbilia. Meli aliiona inafaa, kwa kuwa katikati ya bahari hakuna mlango wa kutokea.

Swali la kwanza la kompyuta lilikuwa wako wangapi. Évariste, baba wa familia, alikataa kulijibu. Kwao Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, alilelewa kwamba watu wa familia hawahesabiwi. Unawataja kwa majina, basi. Akawataja: Générose, Brice, Mélissa, na yeye mwenyewe. Kompyuta haikutaka majina. Brice akabonyeza nne, baba yake akageuza uso.

Yaliyofuata hakuna aliyeyaelewa vizuri. Kulikuwa na chumba cha ndani, chumba cha dirisha, chumba cha roshani, na kingine cha roshani inayotazama ndani, ambacho walikisoma mara mbili wakakiacha. Mélissa, mwenye miaka kumi na sita, alitaka mtandao wa kasi na hakutaka kulala chumba kimoja na kaka yake. Brice aligundua kwamba kwa miaka yake kumi na minane ameshapita umri wa klabu ya vijana na hajafikia umri wa baa, kwa hiyo melini asingekuwa na pa kukaa ila kwa wazazi wake. Générose aliuliza usiku wa mavazi rasmi ni harusi ya nani. Évariste, ambaye hajapanda chochote kinachoelea tangu alipovuka ziwa akikimbia vita, hakuuliza kitu. Ilipofika jioni zilibaki meli tatu na vichwa vinne vinavyouma.

Kesho yake meli ya kwanza ilikuja yenyewe. Ilipanda na Mto Don, ambao hapo mtaani kwao Flemingdon Park mbwa anauvuka bila kulowa tumbo, ikasimama bondeni nyuma ya jengo. Roshani zake zililingana na yao ya ghorofa ya kumi na mbili, wakavuka ukingo mmoja mmoja, Générose na mkoba wake mkononi. Msimamizi wa jengo alituma ujumbe akiwaomba wapangaji wanaochagua meli wasizicheleweshe, maana gari la taka linashindwa kugeuza. Mahjabeen, jirani wa mlango wa pili, aliuliza tu kama itaondoka kabla mnanaa wake haujafa kwa kukosa jua.

Ilikuwa nyeupe, ya kwenda Bahama, na ilikuwa na mabomba ya kutelezea majini ambayo Mélissa aliyapenda na Brice akasema ni ya watoto. Kando ya bwawa, kwenye kiti cha kujilaza, alikaa msichana mwenye gauni la kitenge na ndala za plastiki, na dumu la maji miguuni. Évariste alimtambua mara moja. Alikuwa Godelive, mdogo wake wa tumbo moja, na alikuwa bado na miaka kumi na mitano, ile aliyokuwa nayo alipomwacha ufukweni.

Habari yenyewe ni fupi na mbaya. Mwenye boti alisema nafasi iliyobaki ni ya msichana au ya cherehani. Évariste alikuwa kijana fundi nguo, na aliona kwamba huko waendako cherehani itawalisha, na Godelive atapata boti nyingine. Akamtuma kuteka maji. Boti ikaondoka, na nyingine haikwenda tena. Kwenye kambi ya wakimbizi, alipokutana na Générose, alisema yeye ni mtoto wa pekee, na watoto wake wamekua wakijua hivyo. Miaka yote hii amekuwa akijiambia kwamba kosa lilitokea kwa sababu watu hawakuhesabiwa. Lakini mdogo alikuwa naye mmoja tu, na kwa mmoja hakuna haja ya hesabu. Cherehani iko mpaka leo chumbani kwao. Générose huitumia kushonea mapazia.

Mélissa alimwona msichana, akauliza, "Papa, who's that?"

"Anatumika kazi humu melini," Évariste akajibu.

"Hana name tag."

"Ni mpya."

Godelive alisikia. Hakubisha, aliinuka akaanza kukunja taulo zilizokuwa karibu, na alizikunja vizuri. Générose alimtazama kidogo, akasema binti huyu ana paji la uso la Mélissa kabisa, kisha akaenda kuuliza kama jikoni wanajua kupika wali unaoeleweka.

Meli ya pili ilikuja Jumatano. Ilikuwa na ukumbi wa maonyesho na wazee wengi waliokuwa wakicheza dansi saa nne asubuhi. Godelive alikuwa kwenye lifti, akiwabonyezea watu ghorofa. Évariste alipanda ngazi. Katikati alikaa kwenye ngazi kwa aibu, na alijua kabisa kinachotakiwa: aseme tu, huyu ni dada yangu, naye anakwenda nasi. Maneno machache. Brice alimkuta hapo akamuuliza kama anaumwa, naye akasema ni magoti.

Ya tatu, ya kwenda Alaska, ndiyo iliyowapatanisha. Ilikuwa kimya, ina mtandao, na ina maktaba ambapo hakuna anayeuliza umri wa mtu. Mhudumu aliwaonyesha chumba cha familia: kitanda kikubwa, viwili vya watoto vyenye pazia katikati, na kingine kinachoshuka kutoka darini ukivuta mpini. Godelive alisimama mlangoni na dumu lake. Générose aliuvuta mpini, kitanda kikashuka kikiwa kimeshatandikwa.

"Papa Brice, na hiki tukifanyie nini?"

Évariste alikitazama kitanda. Godelive naye alikitazama, na alipomaliza akamtazama kaka yake. Watoto walikuwa kila mmoja na simu yake. Hakuna siku ambayo ingekuwa rahisi kuliko hiyo.

"Tutaweka mizigo," akasema.

Générose alikirudisha darini, akasema hapa ndipo. Wakavuka kurudi nyumbani, Brice akajaza majina. Évariste alibaki roshanini akisema anataka hewa. Godelive alikuja mpaka ukingoni mwa meli, karibu kiasi cha kushikana mikono.

"Yaya," alimwita, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake huko kwao. "Mutapanda gani? Nijue pa kungojea."

Évariste alifungua mdomo akiwa na nia ya kusema ukweli. Hata leo hajui ulipotelea wapi.

"Ile nyeupe," akasema. "Ile ya kwanza."

"Aksanti, Yaya."

Akachukua dumu lake, akashuka mpaka kando ya mto.

Mwezi wa saba walikwenda Alaska kwa meli ya tatu. Waliona barafu na nyangumi, Mélissa na Brice walicheza karata na wazazi wao kila jioni bila kulazimishwa, na siku ya mwisho Générose alilia kwa furaha mezani. Évariste alikula vizuri. Alilala vibaya, chini ya masanduku.

Huku nyuma jengo lilimzoea msichana wa mtoni. Wanaotembeza mbwa walimsalimia, na Mahjabeen alimteremshia chai yenye mnanaa asubuhi. Siku familia iliporudi, Godelive alipanda mteremko mpaka sehemu ya kuegesha magari, ndala mkononi, kwa kuwa zilikuwa na matope. Watoto walikuwa wameshaingia ndani na mama yao. Alimpa Évariste pole ya safari, akauliza kwa adabu kama ile nyeupe imeshapita. Évariste alimjibu kwamba bado, akayaingiza masanduku kwenye lifti.