Chini ya Pipa

"Kuku wangu wanakunywa maji kama vibarua waliotoka kuchimba mtaro," alisema fundi cherehani, mkono kiunoni, futi ya kitambaa bado inaning'inia shingoni. "Banda zima chepechepe. Mayai nimeshasahau hata umbo lake. Na chakula ni chako, Bi Beleshi. Sasa nimlaumu nani, mawingu?"

Bi Beleshi hakusimama hata kumjibu. Alikuwa anakung'uta turubai la kuchanganyia, na turubai hilo lilikuwa kubwa kuliko sebule yake.

"Kuku wa wenzako wanataga," alisema. "Kuku wako wakigoma, kaulizane nao."

Waliokuwa uani walicheka, na walikuwa wengi. Kila baada ya wiki tatu nyumba sita zilichanga mahindi, pumba, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa, wakayaleta kwake ayachanganye na chumvi na chokaa kidogo ya kukaza maganda ya mayai, kisha kila mmoja akaondoka na gunia lake. Hilo jina alilipata kwa sababu ya beleshi lake lenye mpini uliong'aa kwa mikono yake, beleshi ambalo hakumwazima hata kaka yake wa damu. Siku ya kuchanganya ilikuwa sikukuu yake. Watu walikaa juu ya magunia, habari za mtaa mzima zikapita mikononi mwao kama karanga, na kufika saa sita hapakuwa na ndoa, ugomvi wala deni la kiberiti ambalo halijajadiliwa likaisha.

Lakini leo mambo yalikuwa na uzito mwingine. Kinyozi, ambaye nyumba yake ndiyo iliyochangia mahindi mengi kuliko zote, alikuwa amemnong'oneza tangu asubuhi: kama maneno ya fundi yanayozunguka mtaani ni kweli, yeye anatoa mahindi yake, atanunua chakula cha dukani, na wawili wengine wamesema watamfuata. Bi Beleshi alijua maana ya hilo. Nyumba tatu zikitoka, hizo tatu zinazobaki haziwezi kununua dagaa kwa gunia. Uwanja ungebaki mtupu, naye angebaki na kuku wake, wifi yake na ukuta.

Basi akaamua kulimaliza jambo hadharani, kwa sababu hakuwa na chembe ya wasiwasi. Miaka tisa anachanganya, hata kifaranga hajalalamika. Kwa maoni yake kosa lilikuwa kwa fundi, mtu anayemwagia kuku kila kinachobaki mezani, mpaka mchuzi.

Akamwambia fundi akalete chakula chake kilichobaki, na kinyozi alete chake. Kisha akaagiza kwa wifi yake, aliyekuwa jikoni na sufuria mbili motoni, glasi mbili za maji. Wifi akazileta huku akisema kwamba glasi hizo ni za wageni na kuku wakizivunja watanunua wenyewe.

Bi Beleshi akatia konzi moja ya chakula katika kila glasi, akakoroga, akangoja. Kipimo hicho wote walikijua, ndicho walichokitumia kumkamata muuza pumba aliyeongeza mchanga. Pumba huelea, mahindi hushuka polepole, na vitu vya unga mzito kama chokaa hutulia chini kabisa.

Katika glasi ya kinyozi, chokaa ilikuwa utando mwembamba kama ukucha. Katika glasi ya fundi ilikuwa nene kama kidole gumba.

Bi Beleshi akachota chakula kikavu cha fundi kwa ncha ya kidole, akaonja, akatema. Chumvi tupu.

"Fundi," kinyozi akasema, naye alifurahi, "kumbe unajiongezea chokaa na chumvi nyumbani, halafu unakuja kutuvuruga hapa?"

Fundi akasema kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, kwamba yeye chokaa hata haijui inauzwa wapi. Mtu akaguna. Mwingine akasema ndiyo maana hata nguo anazowashonea watu siku hizi zinabana makwapani. Wote walikuwa wameshaegemea upande wa Bi Beleshi. Kilichobaki ni yeye kunyamaza tu, aokote beleshi, kazi iendelee.

Naye alinyamaza, kwa muda wa kutosha kuliona pipa lililokuwa pembeni ya mlango.

Mara zote alichanganya hapa hapa uani na watu wakachota moja kwa moja kutoka kwenye turubai. Mara iliyopita tu ndipo alipojitia ufundi. Mwenye mashine ya kusaga alimsifia, akamwambia sakafu yake ni pana, aje achanganye pale mbele ya wateja. Naye kwa kupenda kutazamwa akaenda. Akachanganya kwa madaha, watu wakatazama, akajaza pipa, akalipandisha kwenye mkokoteni, likarudi nyumbani likirukaruka barabara nzima ya mashimo. Kila shimo lilikuwa linakung'uta. Chembe kubwa zikabaki juu, chumvi na chokaa zikajipenyeza hadi chini. Akagawa kuanzia juu. Na wa mwisho kufika, kwa kuwa alisimama kusalimia kila mlango, alikuwa fundi.

"Muacheni," alisema. "Hajaongeza kitu. Nimeharibu mimi."

Akawaeleza yote, mkokoteni na mashimo, hata ile hamu ya kutazamwa hakuificha. Sauti yake haikuyumba. Alieleza kosa lake kama mtu anayefundisha. Kinyozi alikuna kidevu, akauliza kwa nini asiondoe mahindi yake sasa hivi, kwani ameshakiri.

"Kwa sababu sasa unajua nikikosea nasema," alijibu. "Huko dukani nani atakwambia?"

Kinyozi akalitazama gunia lake, kisha akalikalia tena.

Alianza kazi. Chumvi na chokaa akazichanganya kwanza na bakuli la pumba, mpaka rangi ikawa moja, ndipo akazitawanya juu ya rundo. Kilichobaki cha fundi alikuwa ameshakipima na kupunguza chumvi na chokaa kwa kadiri hiyo, nacho akakitia humo. Akalihamisha rundo lote kwa beleshi kutoka upande hadi upande, mara tatu, jasho likamtoka, na habari za mtaa zikaanza tena zenyewe. Wakati wa kugawa alikata rundo kuanzia juu hadi chini kama mkate, na gunia la kwanza kujazwa lilikuwa la fundi.

Fundi hakuondoka nalo. Alibaki anazungusha futi yake kidoleni hadi wengine wote walipokwisha kutoka.

"Nimekusema mbele za watu," alisema.

"Na ulikuwa na haki. Ila ile kejeli ya mawingu umenionea."

Wifi akachungulia dirishani, akasema chakula kinapoa na yeye si mtumwa wa mtu. Bi Beleshi akasimamisha beleshi ukutani, akammiminia fundi maji mikononi kwa kata.

"Nawa vizuri, una pumba mpaka kwenye nyusi. Haya, ingia tule, na unieleze hizo nguo zinazobana ni za nani."