Kahawa ya Mgonjwa

Sanda alipanda ngazi na kikombe cha kahawa kama kila asubuhi, akakiweka kando ya jeneza. "Mama, amka. Uani wageni wamejaa."

Nyuma yake aliingia mtalii, mwanamke mwenye kamera shingoni, ameletwa na Palimbong, kaka yake Sanda.

"Pole," mgeni alisema. "Mama alifariki lini?"

"Hajafa. Anaumwa."

Palimbong akacheka. "Mwaka wa pili huu anaumwa. Dada yangu king'ang'anizi, angemuuguza mpaka kiama."

"Na wewe una haraka ya nini? Chumba kimekubana?"

Kaka akamgeukia mgeni. "Kwetu Toraja, nyati wa kwanza wa mazishi akichinjwa na kuanguka ndipo mtu anakuwa marehemu. Twende, usije ukakosa picha."

Wakashuka. Sanda alibaki akimnyooshea mama shuka, akiimba kwa sauti ili asisikie ya uani. Hata hivyo alisikia ngoma zikinyamaza, kisha kishindo, kisha kelele za watu.

Kahawa ilikuwa bado inafuka. Aliinua kikombe, asijue tena anampelekea nani.

Mgeni alirudi mbio, uso umempauka, damu imemrukia viatuni. Hakuwa amepiga picha hata moja. "Nisamehe kwa lile swali langu," alisema. "Sikujua."

"Niulize tena."

"Nikuulize nini?"

"Lilelile."

Mgeni alirudia: "Mama alifariki lini?"

Sanda akaketi sakafuni na kikombe chake. "Sasa hivi," alisema.