Vichura vya Baada ya Krismasi

Cheti cha Colby Hoekstra hakikuwa kimemaliza hata wiki ukutani pale Garrett Dykstra alipolazwa hospitali, figo zimemgomea.

Colby alikuwa kocha wa viungo wa wanamieleka wa chuo kimoja kidogo huko Iowa, na cheti hicho cha ukocha alikisotea. Mtihani wa kwanza ulimbwaga. Wa pili aliufanya likizo ya Krismasi, akafaulu, akanunua fremu kubwa kuliko ya picha ya harusi yake, akaitundika kwenye ukuta wa chumba cha vyuma, pale ambapo hata anayekwenda chooni lazima aione.

Vijana waliporudi kutoka makwao, wamenona kwa mapaja ya nguruwe na biskuti za bibi zao, wakaiona.

"Kumbe siku zote ulikuwa unatufundisha bila cheti?" Garrett aliuliza. "Ndiyo maana mgongo wangu unalia."

"Walimwonea huruma tu," Wyatt akadakia. "Walisema huyu mzee akirudi mara ya tatu atatulilia hapa."

Utani ndio chakula cha Colby. "Haya. Atakayecheka, wote mnaruka kichura mpaka nichoke mimi."

Ikawa mchezo. Mmoja anajikaza, mwenzake anamkonyeza, kicheko kinampasuka, kundi zima chini. Wanaruka huku wanacheka, na kwa kuwa wanacheka wanaongezewa. Garrett alicheka kuliko wote. Walitoka wameshikana mabega kama walevi, Colby anawapigia makofi.

Na swali la jambo hilohilo lilikuwamo kwenye mtihani. Mchezaji katoka kupumzika, umpe kazi kiasi gani? Nusu, tena umpandishe polepole, maana misuli iliyolala ukiichapa ghafla inachanika, uchafu wake unaingia kwenye damu na kwenda kuziba figo. Colby alilijibu bila hata kukuna kichwa.

Sasa alikuwa amesimama kando ya kitanda. Mapaja ya Garrett yamevimba, yanang'aa. Mkojo kwenye mfuko ulikuwa mweusi kama kokakola. Jana asubuhi Garrett alimtumia ujumbe: kocha, nakojoa kokakola. Naye Colby akamjibu: weka barafu, uniletee glasi.

"Usiwe na wasiwasi, kocha," Garrett alinong'ona. "Nimemwambia daktari nilikuwa nafanya mwenyewe nyumbani, tunabishana kwa simu na binamu yangu. Kaniamini. Mimi nina sura ya mtu wa hivyo."

"Garrett..."

"Cheti chenyewe hata vumbi hakijashika, mzee. Acha tu."

Colby alihisi nafuu inamshuka mgongoni kama maji ya moto, akaionea aibu nafuu hiyo, lakini hakuikataa. Alikuwa anatafuta namna ya kusema asante pale Daktari Ostrander alipoingia, miwani kaisukumia kwenye nywele.

"Wewe ndiye kocha? Kijana anasema alikuwa peke yake. Ni kweli? Kama walikuwa wengi, wapo wengine wanaoumia sasa hivi na hawajui."

Garrett alimkazia macho kocha wake. Colby aliutazama ule mfuko.

"Hakuwa peke yake," alisema. "Ilikuwa timu nzima. Niliyewarusha ni mimi."

"Wametoka likizo?"

"Ndiyo."

"Na wewe hukujua?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, tena umeachwa wazi. "Nilijua," Colby alisema.

Daktari hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. "Nenda kawapigie," alisema. "Wote."

Colby alitoka chumbani hadi kwenye korido, akaanza na Wyatt.

"Wyatt, mkojo wako una rangi gani?"

Vikalipuka vicheko vya watu wengi. Simu ilikuwa imewekwa spika, wote wanasikia. "Jamani, kocha anataka mikojo. Kocha, wa kwangu una rangi za bendera ya taifa."

"Sitanii."

"Ndivyo unavyosema kila siku."

Kweli. Kwa sauti hiihii ya msiba aliwahi kuwaambia chuo kimefuta mieleka na wote wanahamishiwa kuogelea, akawaacha wakahangaika siku nzima.

"Wyatt, mwanangu," alisema. "Garrett yuko hospitali. Nimemwumiza mimi. Labda na nyie nimewaumiza. Nakuomba uende chooni uangalie."

Vicheko vilizimika kimoja kimoja. Colby aliegemeza paji la uso ukutani, akangoja kusikia mlango au kandambili. Hakusikia mtu akisogea.

"Hakuna haja ya kwenda," Wyatt alisema, taratibu. "Ni tangu jana. Mweusi. Garrett aliniambia nikuulize."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilijua utanicheka."

Colby alifumba macho. "Vaa koti," alisema. "Waambie na wenzako wavae. Nakuja kuwachukua."