Mikono ya Respicius

Nimezunguka nchi nyingi, nimekula na wezi na mapadri, lakini aliyenichefua kuliko wote nilimkuta Guangzhou mwaka 1998, ofisini kwake jengo la Tianxiu, akitunywesha chai.

Jina lake Respicius, wakala wa mizigo. Mimi na Felisia, mfanyabiashara wa Moshi, tulikuwa tumetoka soko la nguo la Shisanhang kununua suruali za jinzi, tukamletea marobota asafirishe. Hadithi yake ya vita vya Kagera aliisimulia kila akipata masikio mapya. Siku hiyo yalikuwa yetu.

"Nilikuwa mwalimu wa marubani, Mzee Theophil. Vijana tunawafundisha mbiombio, vita haisubiri. Asubuhi moja tukaruka ndege mbili, mimi yangu, mwanafunzi yake, bawa kwa bawa. Kijana wa Rombo, Medard. Kichwa kigumu huyo! Akanigonga. Mimi nikatoka na parachuti. Yeye ndo basi tena."

Felisia akaweka kikombe chini. Medard ni kaka yake. Kwa neno hilo, akanigonga, lililoandikwa kwenye ripoti ya jeshi, mama yao alimzika mwanawe bila hata risasi moja ya heshima, na majirani wakasema kijana kateketeza mali ya umma.

"Ilikuwaje hasa, kaka? Hebu nionyeshe."

Marubani husimulia kwa mikono. Respicius akanyoosha viganja hewani. "Kushoto mimi. Kulia yeye."

Cha kulia kikaenda moja kwa moja, kimetulia. Cha kushoto kikalala ubavu, kikakata ghafla, kikakipiga cha kulia.

"Rudia," Felisia akasema.

Akarudia, anacheka. Cha kushoto tena kikakifuata cha kulia.

"Mbona wewe ndiye unayemwendea?"

Kicheko kikakatika. Akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Dada, wewe unajua nini habari za ndege?"

"Ndege sizijui. Medard namjua. Tumenyonya ziwa moja."

Nikaisukuma simu ya mezani mbele yake. "Mama yao yupo Moshi, kwa mwanawe mkubwa. Mwambie ulichotuonyesha."

"Mzee, miaka ishirini! Mnataka nifungwe?"

"Nataka useme, mshenzi wee!"

Felisia akabonyeza namba mwenyewe. "Haloo? Nani mwenzangu?" Sauti ya bibi kizee. Akamnyooshea Respicius mkonga wa simu. Jamaa akaisokomeza mikono chini ya mapaja, akaikalia, macho dirishani.

Felisia akangoja. Kisha akauweka mkonga sikioni kwake.

"Mama, ni mimi, Felisia. Medard hakumgonga mtu. Aligongwa. Aliyemgonga yuko mbele yangu hapa, amekalia mikono yake."

Bibi akapasua sauti, hata mimi nikamsikia nilipokaa:

"Na mizigo yako umempa huyo?"

Sikungoja jibu. Nilikuwa nimeshainuka, naburuta robota la kwanza kuelekea kwenye lifti.