Hodi Tuliyoisahau Kua

Watu wa kisiwa cha Juani huwapigia hodi wafu kabla ya kuingia kwenye magofu ya mji wa Kua. Siku ile, mimi na wanafunzi wangu tulisahau.

Walikuwa wakiigiza mwisho wa Wapiganaji wa Hekalu, watawa wa Vita vya Msalaba. Swalehe alikuwa mkuu wao, aliyekiri uzushi kwa mateso, kisha akakana, akachomwa moto.

"Kiri upone, we mkaidi!" Munira, aliyeigiza mfalme, alimkejeli.

"Hatukukosa!" alilia Swalehe. "Nakungoja mbele ya Mungu!"

Kutoka msikiti usio na paa, ambamo hamkuwa na mtu, sauti nyingi ziliitikia, "Amin."

Swalehe alinishika mkono. "Mwalimu, naungua."

Kweli, kiganja chake kilichoma.

"Hodi," nilisema nikiugeukia msikiti. "Tusameheni."

Kiganja kikaanza kupoa.